Colosseum: Tiketi ya Euro 18 Katika Safari ya Sh 4.7 Milioni

Mtu mzima anayetaka kuingia Colosseum mjini Roma hulipa euro 18. Kwa kiwango cha Sh 3,000 kwa euro moja, ambacho nitakitumia katika uchambuzi huu wote, hiyo ni Sh 54,000. Kwa msafiri anayetoka Dar es Salaam, fedha hiyo haifiki hata asilimia mbili ya gharama za safari. Lakini ndiyo sehemu ya bajeti inayolanguliwa kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoweza kumwacha nje ya geti mtu aliyekwisha kulipia kila kitu kingine. Kutofautiana huko kati ya udogo wa bei na uzito wake kunastahili kupigiwa hesabu.

Kwanza, msingi wa hesabu zenyewe. Bei za tiketi, viza, treni na kodi ya kulala ni zile rasmi zilizokuwa zikitumika mwaka 2025. Nauli ya ndege, hoteli, bima na chakula ni makadirio yangu, na kila mahali nitasema hivyo. Msomaji wa Kenya anaweza kuzidisha euro kwa KSh 150. Anayeona viwango hivi vimepitwa na wakati abadilishe tarakimu. Mpangilio wa hesabu utabaki uleule.

Euro 18 inanunua nini

Tiketi ya kawaida hudumu saa 24 na hufungua sehemu tatu: Colosseum lenyewe, Forum, yaani eneo lililokuwa kitovu cha siasa na biashara ya Roma ya kale, na kilima cha Palatino, palipokuwa na majumba ya makaisari. Ukigawa sawa kwa sawa, kila sehemu inagharimu euro 6, sawa na Sh 18,000. Mgawanyo huo unafaa tu kwa mtu mwenye muda wa kuziona zote. Aliyebakiwa na saa mbili kabla ya treni ataona Colosseum peke yake, na kwake bei halisi ya sehemu moja ni Sh 54,000, mara tatu ya ile ya mwenzake.

Tiketi ya juu yake ni ya euro 24, yaani Sh 72,000. Hudumu siku mbili, na kutegemea aina uliyochagua humruhusu mgeni kukanyaga sakafu ya ulingo au kushuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo ujenzi wake huhusishwa na enzi ya Kaisari Domitianus. Nyongeza ni euro 6, asilimia 33 ya bei ya kawaida. Kwa bajeti ya safari nzima nyongeza hiyo ni chini ya nusu asilimia. Kinachozuia watu wengi si hizo Sh 18,000. Nafasi za chini ya ardhi ni chache na huisha mapema.

Bei haiko sawa kwa kila mtu. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 hulipa euro 2. Mwanafunzi wa Kitanzania mwenye miaka 22 hulipa euro 18, mara tisa ya hiyo, hata kama wanasoma darasa moja. Kabla ya kulalamika, tuangalie nyumbani: kiingilio cha Serengeti katika msimu wa juu ni dola 70 kwa mgeni asiye mkazi na Sh 10,000 kwa raia wa Afrika Mashariki, kabla ya VAT. Kwa dola ya Sh 2,600, mgeni hulipa Sh 182,000, mara 18. Kanuni ya kumpunguzia wa kwako ni ileile; Roma imeitumia kwa kiasi kidogo zaidi.

Wangapi wanaweza kuwa ndani

Jengo hili lilianza kujengwa chini ya Kaisari Vespasianus na kuzinduliwa na mwanawe Titus mwaka 80 BK, kwa michezo ya siku 100. Ni duaradufu yenye urefu wa mita 189 na upana wa mita 156. Lilikuwa na milango 80, na 76 kati yake ilikuwa na namba kwa ajili ya watazamaji. Hati ya mwaka 354 BK inataja nafasi 87,000. Makadirio mengi ya leo yako karibu na 50,000. Takwimu ya kale inaizidi ya sasa kwa asilimia 74, na hiyo ni tahadhari ya kutosha kwa yeyote anayenukuu mojawapo kama jambo lililothibitishwa. Tukichukua ile ndogo, kila mlango ulihudumia wastani wa watu 658.

Leo kikomo cha usalama kinachotajwa ni watu 3,000 kwa wakati mmoja, sawa na asilimia 6 ya watazamaji 50,000. Sehemu kubwa ya viti haipo tena, sakafu ya ulingo imerudishwa kidogo tu, na wageni hupita kwenye mageti machache yenye ukaguzi. Jengo lililobuniwa kumeza umati sasa hupokea watu kwa vipimo, na hapo ndipo uhaba wa tiketi unapoanzia.

Takwimu za serikali ya Italia zinaipa Hifadhi ya Akiolojia ya Colosseum wageni takriban milioni 12.3 mwaka 2023 na milioni 14.7 mwaka 2024. Ongezeko ni milioni 2.4, karibu asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja. Kuta hazikuongezeka, wala saa za siku.

Tuipime takwimu hiyo. Chukulia kila mgeni anakaa ndani dakika 90. Kwa kikomo cha 3,000, wanaoweza kuingia ni 2,000 kwa saa. Majira ya joto geti hupokea watu kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 12:15 jioni. Majira ya baridi mwisho ni saa 9:30 alasiri. Wastani wa mwaka tuuweke saa 8.5. Hiyo ni watu 17,000 kwa siku na, kwa siku 360, milioni 6.1. Milioni 14.7 ingehitaji watu 40,833 kwa siku, yaani 4,804 kwa saa, na kila mmoja angetakiwa kutoka baada ya dakika 37. Basi ama wageni wanakaa muda mfupi sana, ama takwimu hiyo, ambayo ni ya hifadhi nzima, inajumuisha watu wengi walioishia kwenye Forum na Palatino. Anayesoma kwamba watu milioni 14.7 waliingia Colosseum anasoma zaidi ya kile hesabu inachoweza kubeba.

Bajeti nzima, mstari kwa mstari

Sasa tumchukue msafiri mmoja, mtu mzima, anayetoka Dar es Salaam kwa usiku tatu na siku nne Roma. Bajeti yake ni hii:

- Ada ya viza ya Schengen: euro 90 (Sh 270,000)
- Ada ya kituo cha kupokea maombi, makadirio: euro 30 (Sh 90,000)
- Bima ya safari, makadirio: euro 25 (Sh 75,000)
- Nauli ya ndege kwenda na kurudi, makadirio: euro 900 (Sh 2,700,000)
- Hoteli ya nyota tatu, usiku tatu kwa euro 100, makadirio: euro 300 (Sh 900,000)
- Kodi ya kulala, usiku tatu kwa euro 6: euro 18 (Sh 54,000)
- Treni ya uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi kituo cha Termini, kwenda na kurudi: euro 28 (Sh 84,000)
- Metro na basi, safari sita kwa euro 1.50: euro 9 (Sh 27,000)
- Chakula, siku nne kwa euro 35, makadirio: euro 140 (Sh 420,000)
- Tiketi ya Colosseum: euro 18 (Sh 54,000)

Jumla ni euro 1,558, sawa na Sh 4,674,000 au KSh 233,700. Tiketi ni asilimia 1.2 ya jumla hiyo. Nauli peke yake ni asilimia 58.

Angalia mstari wa kodi ya kulala. Hii ni tozo ya jiji la Roma kwa kila mtu kwa kila usiku, na hutegemea daraja la malazi: euro 4 kwa hoteli ya nyota moja, 6 kwa nyota tatu, 10 kwa nyota tano, isizidi usiku kumi mfululizo. Aghalabu haimo katika bei unayoiona unapotafuta chumba, hulipwa hotelini. Kwa usiku tatu katika nyota tatu ni euro 18. Jiji linapata kwa usingizi wako kiasi kilekile ambacho hifadhi inapata kwa kukuonyesha jengo la karne ya kwanza.

Sasa tuuhoji uzito wa jumla yenyewe. Viwango rasmi ndani yake ni viza, treni, metro, kodi na tiketi: euro 163, asilimia 10.5. Asilimia 89.5 iliyobaki imejengwa juu ya makadirio. Nauli ikipanda kwa asilimia 10, nyongeza ni euro 90, sawa na tiketi tano za Colosseum. Euro ikipanda kwa Sh 100 tu, safari inaongezeka kwa Sh 155,800, karibu tiketi tatu. Msafiri anayetafuta punguzo la tiketi huku akiacha tarehe ya kununua nauli ijipange yenyewe anabana penye shilingi hamsini na nne elfu na kulegeza penye milioni mbili na laki saba.

Viza na gharama ya kukataliwa

Ada ya viza ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 tarehe 11 Juni 2024, ongezeko la asilimia 12.5. Hairudishwi ombi likikataliwa. Ada ya kituo cha maombi, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza, nayo huenda vivyo hivyo. Kwa bajeti yetu, fedha iliyo hatarini ni euro 120, yaani Sh 360,000.

Hatari hiyo ina bei, ingawa haionekani kwenye orodha. Tuseme ombi moja kati ya manne hukataliwa. Kila viza inayopatikana itakuwa imegharimu wastani wa euro 160, maana waombaji wanne hutumia 480 kupata viza tatu. Tukisema nusu hukataliwa, wastani unapanda hadi euro 240. Viwango hivi viwili ni vya kuonyesha hesabu tu. Mwombaji mwenye ajira, taarifa safi za benki na historia ya safari hayuko kwenye kapu moja na asiye na vitu hivyo.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kosa la gharama kubwa zaidi. Anayenunua tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya kujibiwa, kwa hatari ya moja kati ya nne, anabeba hasara ya wastani wa euro 225, sawa na Sh 675,000. Hiyo ni zaidi ya tiketi 12 za Colosseum. Kuweka nafasi inayoweza kufutwa ndiyo akiba kubwa kuliko zote katika makala haya.

Familia ya watu watano

Kwa wazazi wawili na watoto wa miaka 5, 9 na 15, uwiano unazidi kuachana. Walio chini ya miaka 18 huingia Colosseum bure bila kujali uraia, lakini tiketi yao ya bure nayo huwekewa nafasi. Familia nzima inalipa euro 36. Viza ni jambo jingine: wazazi 180, mtoto wa miaka 15 euro 90, wa miaka 9 euro 45, wa miaka 5 bure. Jumla ni euro 315, sawa na Sh 945,000, karibu mara tisa ya viingilio. Kodi ya kulala haitozwi kwa watoto chini ya miaka 10, hivyo watatu watalipa euro 54 kwa usiku tatu. Kwa familia hii, kulala kunatozwa mara moja na nusu ya kiingilio.

Jumapili ya bure ina bei gani

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, makumbusho na maeneo ya kale ya serikali ya Italia hayatozi kiingilio. Akiba ni Sh 54,000. Tiketi ya siku hiyo huchukuliwa dirishani siku hiyohiyo, kwa hiyo malipo yake ni foleni.

Muda unaweza kuthaminishwa. Siku moja Roma, kwa bajeti yetu, ni hoteli 100, kodi 6 na chakula 35: euro 141. Ukiwa na saa kumi za kutembea, kila saa ni euro 14.10. Euro 18 hulingana na dakika 77. Foleni ikizidi hapo, bure imekuwa ghali. Na ukigawa gharama zote zisizo za tiketi, nauli na viza zikiwemo, kwa siku nne, kila saa ni euro 38.50 na kizingiti kinashuka hadi dakika 28. Kwa mkazi wa Roma siku hii ni zawadi halisi. Kwa aliyetoka Dar es Salaam ina maana endapo tu tarehe zake zimeangukia hapo na hana haraka.

Nani analipia ulanguzi

Tuseme tiketi rasmi zimeisha na msafiri anapata kifurushi cha euro 55 chenye kiingilio na mwongozaji. Euro 18 ni kiingilio. 37 ni huduma na faida. Kwa kundi la watu 20, hiyo 37 inafika euro 740 kwa matembezi ya saa chache. Mwongozaji mzuri anastahili malipo yake, na kwa jengo lenye maelezo mengi kama hili huduma hiyo ina thamani. Tatizo linaanza pale mgeni anapoinunua kwa sababu tu tiketi ya kawaida imemalizwa na waliozinunua ili waziuze tena.

Hilo halikubaki tuhuma. Aprili 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini za karibu euro milioni 20: milioni 7 kwa kampuni iliyokuwa ikiuza tiketi rasmi, na zilizobaki kwa kampuni sita za utalii, baada ya kuchunguza jinsi tiketi za bei ya kawaida zilivyokuwa zikitoweka mtandaoni, programu za kununua kwa kasi zikiwemo. Linganisha: kwa tofauti ya euro 37, faini yote inalingana na vifurushi 540,000 hivi. Dhidi ya wageni milioni 14.7 wa mwaka mmoja, hiyo ni asilimia 3.7, wakati mwenendo uliochunguzwa ulihusu miaka kadhaa. Msomaji anaweza kupima mwenyewe kama adhabu hiyo inatosha kumbadilisha mtu.

Kwa nini bei mara tatu hulipika? Jibu liko kwenye asilimia 1.2 tuliyoiona. Kutoka euro 18 hadi 55 tiketi inazidi mara tatu, lakini safari nzima inaongezeka kwa asilimia 2.4 tu. Mgeni aliyekwisha kutumia Sh milioni 4.6 hatarudi nyumbani bila kuingia kwa ajili ya Sh 111,000. Mlanguzi anajua hivyo. Kadiri mtu anavyotoka mbali, ndivyo nyongeza inavyoonekana ndogo mbele ya kile alichokwisha kulipa, na ndivyo anavyokuwa rahisi kukamuliwa.

Kalenda ni sehemu ya bajeti

Tiketi hufunguliwa siku 30 kabla ya siku ya kuingia, na tangu Oktoba 2023 huandikwa jina la mwenye nayo, linalolinganishwa na kitambulisho getini. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika 45. Ukiwasilisha siku ya 90 kabla ya safari, hata jibu lililochelewa kabisa linafika siku ya 45. Hapo unanunua nauli, na unabaki na siku 15 za kusubiri tiketi zifunguliwe. Ukiwasilisha siku ya 60, jibu lililochelewa litakukuta siku ya 15, tiketi zimeshauzwa kwa siku 15 bila wewe. Kuchelewa kwa mwezi mmoja mwanzoni kunaweza kukugharimu ile Sh 111,000 mwishoni.

Baada ya hapo, swali lililobaki ni wapi pa kubana na wapi pa kuongeza. Usiku wa nne unaongeza euro 141, asilimia 9 ya bajeti, lakini unashusha gharama ya kila siku kutoka euro 389.50 hadi 339.80, karibu asilimia 13. Na unampa mtu muda wa kuziona sehemu zote tatu alizozilipia. Nauli ikipatikana kwa asilimia 16 chini ya makadirio yetu, akiba ni euro 144, na usiku huo umeshalipiwa. Anayeanza kupanga leo aanze na miadi ya viza, afuate na nauli inayofutika, kisha aweke kumbukumbu ya siku ya 30 kwenye simu. Tiketi ya Sh 54,000 itakuwepo kwa bei yake kwa atakayekuwa mtandaoni asubuhi hiyo.